Mavuno Yamekwisha: Twende na Rafiki Tukaone Itongo la Babu

Ndugu msomaji, mara ya mwisho uliposafiri ulikwenda kufanya nini?

Fikiri kidogo. Labda ulikwenda msibani. Labda ulimpeleka mtoto hospitali ya wilaya pale Maswa. Labda ulikwenda mnadani kuuza ng'ombe, au kesi ya mpaka wa shamba ilikupeleka mbali. Hizo ni safari, lakini ni safari za shida. Mtu huenda kwa haraka na kurudi kwa haraka. Haoni njia.

Iko safari ya namna nyingine. Ni safari ya kutembea pamoja na rafiki zako, bila haraka. Mnakwenda kuona mahali. Mnapika pamoja, mnalala pamoja, mnasimuliana. Wakati mzuri wa safari hiyo kwa watu wa Malampaka ni kiangazi, kuanzia mwezi Juni mpaka Septemba. Mtama na mahindi vimeingia ghalani. Pamba imepimwa. Mbuga zimekauka, na tope jeusi halishiki tena miguu na magurudumu.

Wengine watasema kwamba safari ya kujifurahisha ni anasa ya Wazungu. Ni kweli kwamba huko Marekani kuna watu wenye magari makubwa ambayo ndani yake mna vitanda, jiko na choo. Mzee akistaafu kazi huingia humo pamoja na mkewe, wakafuatana na rafiki zao wenye magari kama hayo. Hutembea mwezi mzima, wakilala leo hapa, kesho pale. Gari la namna hiyo hatuna. Lakini kulala kambini na rafiki ni jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla gari lolote halijafika nchi hii.

WAZEE WETU WALIKUWA WASAFIRI

Neno lenyewe "kambi" lina historia. Katika karne ya 19, misafara mikubwa ya wapagazi ilikuwa ikienda pwani mpaka Bagamoyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wasukuma nao walikuwamo, ila huko pwani mara nyingi waliitwa Wanyamwezi tu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi. Msafara wenye mizigo ulichukua miezi miwili hadi mitatu kati ya pwani na Tabora.

Je, watu hao waliishije njiani? Hawakula wote chungu kimoja. Waligawanyika katika vikundi vidogo vidogo. Kila kikundi kilikuwa na chungu chake, moto wake na mahali pake pa kulala. Watu wa kikundi kimoja waligawana kazi. Huyu aliteka maji, huyu alikata kuni, huyu alijenga kibanda cha nyasi, huyu alipika. Mmoja akiugua, wenzake walimwangalia. Kikundi hicho kiliitwa kambi.

Ile haikuwa safari ya starehe. Wengi walikufa njiani kwa njaa na ndui. Lakini urafiki wa chungu kimoja ulikuwa na nguvu. Mpaka leo Msukuma na Mnyamwezi wakikutana na Mzaramo hutaniana, hata msibani. Wengi husema kwamba utani huo ulizaliwa katika njia ile ya Bagamoyo.

Wazee wa upande wetu walikuwa na safari nyingine pia, safari ya chumvi. Walikwenda mpaka Ziwa Eyasi, huko mashariki ng'ambo ya Meatu. Wakati wa kiangazi maji ya ziwa hilo hupungua sana, na chumvi hubaki juu ya ardhi. Walikwenda wengi kwa pamoja kwa sababu ya simba na kwa sababu ya kiu. Kama nyumbani kwenu yupo mzee wa miaka themanini, mwulize kama baba yake alipata kwenda Eyasi. Huenda ukashangaa.

SAFARI YA KWANZA NI KARIBU NA NYUMBANI

Sasa tuje kwa safari ambayo wewe na rafiki zako mnaweza kuifanya mwaka huu, hata kama mfukoni hamna kitu. Ni safari ya kwenda kuona itongo la babu.

Msukuma wa Malampaka hahitaji kuambiwa itongo ni nini. Lakini gazeti hili linasomwa na wengi, kwa hiyo tueleze. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu zamani, kisha wakahama. Nyumba zimeanguka. Zimebaki dalili.

Kwa nini sehemu zetu zina matongo mengi? Zamani watu hawakuishi karibu karibu kama leo. Kila mji ulikuwa peke yake, umezungukwa na ua wa minyaa na mashamba yake. Tarehe 6 Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Maswa wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kwa sababu Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 tu. Katika mkoa huo kazi kubwa ya kuhamisha watu ilifanyika mwaka 1974. Watu waliiita Operesheni. Wako waliohama kwa hiari. Wako waliohamishwa kwa nguvu, na nyumba zao zikabomolewa ili wasirudi. Shule, zahanati na maji vilitafutwa kuwekwa mahali watu walipokusanyika. Lakini makaburi ya babu na bibi yalibaki kule kule kwenye itongo.

Hebu tupige hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974, leo amepita miaka 75. Yeye anajua kila kitu. Anajua mlango wa nyumba ulitazama wapi, zizi lilikuwa wapi, nani amezikwa wapi. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi leo naye amepita miaka 60. Huyo anakumbuka kidogo. Waliozaliwa baadaye hawajui chochote, isipokuwa wameonyeshwa. Na wewe uliyezaliwa juzi unapita katikati ya matongo ukifuata ng'ombe, wala hujui kwamba unakanyaga uwanja wa nyumba ya babu yako.

Wazee hao wanapungua kila mwaka.

NAMNA YA KWENDA

Tuseme mko rafiki watano. Msiwe wengi sana, maana mkiwa kumi na tano mtaonekana kama mnakwenda vitani. Kila mmoja ana itongo la kwao. Siku hii mnakwenda la fulani, wiki ijayo la mwenzake. Hapo ndipo raha ya kwenda na rafiki inapoonekana. Jambo ambalo mjukuu huona haya kuliuliza, rafiki yake huliuliza bila haya. Na mzee hufurahi akiona vijana watano wamekaa chini kumsikiliza. Akiwa na mjukuu mmoja tu atasema, "Hayo nimekwisha kukuambia."

Wasichana na akina mama nao waende. Mara nyingi tunahesabu ukoo kwa upande wa baba tu. Basi majina ya akina bibi hupotea haraka zaidi. Bibi yako alitoka kijiji gani alipoolewa? Mahari yake ilikuwa ng'ombe wangapi? Mama yake aliitwa nani? Bibi mwenyewe atakuambia, lakini mwulize yeye peke yake, babu akiwa hayupo. Babu akiwapo, babu ndiye atakayejibu.

Mzee anayejua njia lazima aende pamoja nanyi. Kama hawezi kutembea, mpakieni kwenye baiskeli, pikipiki au mkokoteni wa ng'ombe. Ondokeni alfajiri kabla jua halijawa kali. Bebeni maji katika dumu. Mito yetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mkichimba mchangani mtapata maji, lakini msiyanywe kabla ya kuyachemsha. Chakula cha njiani hatuhitaji kukinunua dukani. Michembe na matobolwa vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Viazi vilivyokaushwa haviozi, havimwagiki, na mtu akivitafuna polepole shibe inadumu.

Mkifika, mwacheni mzee atazame kwanza. Msimharakishe. Atatafuta mbuyu au mkwaju anaoujua. Atatafuta mstari wa minyaa, maana minyaa ya ua huendelea kuota hata kama watu wamehama miaka hamsini. Tazameni chini. Mtaona vipande vya vyungu. Mtaona jiwe lililochimbika katikati, ambalo akina bibi walisagia mtama. Mahali palipokuwa zizi, udongo huwa mweusi na nyasi huota vizuri kuliko pengine. Mzee akikuonyesha kaburi, usishangae ukiona mawe machache tu. Wazee wetu hawakujenga makaburi kwa saruji.

JAMBO LA KUANGALIA SANA

Itongo la babu leo ni shamba la mtu, au ni malisho, au ni ngitili. Fikiria wewe mwenyewe. Unapalilia shamba lako, ghafla wanatokea vijana watano na mzee. Wanapima kwa hatua, wanaonyeshana kwa vidole, mmoja anaandika. Utafikiri nini? Utafikiri wamekuja kudai ardhi. Na kesi za ardhi zimevunja urafiki wa watu wengi, hata kufikia kumwaga damu.

Kwa hiyo nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji mkaeleze. Kisha nendeni nyumbani kwa mwenye shamba. Msalimieni vizuri, "Ng'wangaluka," kama ni asubuhi. Kaeni. Msianze na habari ya itongo. Ulizeni kwanza habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe. Halafu mzee wenu ndiye aseme, "Sisi hatukuja kudai. Tumekuja kuwaonyesha watoto hawa mahali alipolala babu yao." Mwombeni naye aende pamoja nanyi. Mara nyingi atakubali. Huenda yeye ndiye aliyeng'oa jiwe la kusagia akaliweka nyumbani kwake.

Tena mjue sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Kuona kaburi la babu hakukupi shamba. Mkiwa na nia ya kusafisha makaburi au kuweka alama, ombeni ruhusa kwa mwenye shamba na kwa serikali ya kijiji.

Wala msiende usiku, wala msiende kimya kimya. Watu wakiona wageni wanazunguka makaburini bila kusema lolote, watawaza mambo mabaya. Sungusungu wakiwauliza mnakwenda wapi, jibuni kwa adabu. Hiyo ndiyo kazi yao tangu miaka ya 1980.

DAFTARI NA KALAMU

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Babu yako alishika majina ya ukoo kichwani. Wewe unaweza kuyashika kwenye karatasi. Chukua daftari moja la safari. Andika jina la mzee anayesema, kijiji chake na tarehe ya siku hiyo. Chini yake andika majina anayoyataja: baba, babu, baba wa babu, na wake zao, na watoto wao wote, hata waliokufa wadogo.

Majina yenyewe yana habari. Ukisikia Kulwa, mtafute Doto. Ukisikia Shija, jua kwamba kabla yake walizaliwa mapacha, hata kama hakuna anayewakumbuka. Mabula huenda alizaliwa mvua ikinyesha.

Mzee asipojua mwaka aliozaliwa, usimlaumu. Tumia matukio. Mwulize, "Tulipopata Uhuru mwaka 1961, ulikuwa unachunga ndama au ng'ombe?" Mchunga ndama ni mtoto mdogo. Mchunga ng'ombe ni kijana. "Wakati wa Operesheni ulikuwa umeoa? Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, mtoto wako wa kwanza alikuwa ameanza shule?" Kwa njia hiyo utapata umri wake bila kukosea sana.

Liko jambo moja ambalo waandishi wakubwa nao limewapa taabu. Katika Marekani aliishi mwandishi Mmarekani mweusi, jina lake Alex Haley. Wazee wake walipelekwa kule utumwani. Haley alitafuta asili yake miaka mingi. Mwaka 1967 alifika kijiji cha Juffure katika nchi ya Gambia, Afrika Magharibi. Huko alimkuta mzee anayesimulia habari za koo. Mzee akataja jina la Kunta Kinte, ambaye Haley aliamini kuwa ndiye babu yake aliyetekwa. Mwaka 1976 Haley alitoa kitabu kikubwa kiitwacho "Roots", maana yake Mizizi. Kitabu hicho kiliwafanya watu weusi wengi wa Marekani watake kwenda Afrika kutafuta asili yao. Wengine walisafiri kwa vikundi na rafiki zao, na mpaka leo wanasafiri.

Lakini mwaka 1977 mwandishi wa gazeti moja la Uingereza alikwenda Juffure kuchunguza. Alisema kwamba watu wa kule walikwisha kujua mapema Haley anatafuta nini, na kwamba maneno ya mzee yule hayawezi kutegemewa. Wanahistoria wengine nao walitia shaka.

Mambo hayo yanatuhusu hata hapa Malampaka. Ukimwuliza babu, "Eti sisi asili yetu ni ukoo wa mtemi?" atasema ndiyo, maana wewe umekwisha kumwonyesha jibu unalolipenda. Nani atakataa kuwa wa ukoo wa mtemi? Afadhali umwulize, "Babu, sisi tulitoka wapi?" Kisha nyamaza. Mwache aseme. Baadaye mwulize mzee mwingine, ambaye hakusikia maneno ya yule wa kwanza. Yakipatana, vizuri. Yasipopatana, andika yote mawili.

Kama mmoja wenu ana simu ya kurekodi sauti, itumieni. Lakini mwombeni mzee ruhusa kwanza. Na daftari lisiachwe, maana simu huharibika na kuibiwa.

NDUGU WALIOKO MBALI

Wengi wetu tuna ndugu waliohama zamani. Baada ya mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliwahimiza watu wa Usukuma kuhamia Geita, kwa sababu huku ardhi ilikuwa imechoka na ng'ombe walikuwa wengi. Baadaye wengine walifuata malisho mpaka Tabora, Rukwa, Katavi, na Usangu huko Mbeya, na Kilombero huko Morogoro. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu, na baadhi yao wakaenda na mifugo yao mpaka Lindi. Leo kuna kijana anayeongea Kisukuma vizuri kabisa, amezaliwa Kilombero, na hajapata kuuona udongo wa Maswa.

Ikiwa wewe ndiye kijana huyo, njoo. Njia ya reli inakusaidia. Reli kutoka Tabora mpaka Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na Malampaka ni stesheni ya njia hiyo. Pamba ya Maswa ilipakiwa hapa miaka mingi. Reli mpya ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2021, nayo inapita upande huu. Siku za treni hubadilika. Mpigie simu ndugu aulize stesheni kabla hujakata tikiti.

Usije peke yako. Njoo na rafiki mmoja au wawili, hata kama si Wasukuma. Mgeni anaona mambo ambayo wewe unayapita. Rafiki yako Mpogoro atauliza kwa nini watu wanakula viazi vilivyokaushwa, na hapo bibi ataanza kusimulia njaa zote alizozipitia.

Na sisi tunaokwenda kuwatembelea wao, tusiende mikono mitupu. Gunia la michembe kutoka nyumbani lina thamani kuliko nguo ya dukani. Wazee waliohama hulia machozi wakiitafuna. Huo si utani.

MAHEMA SERENGETI, NGOMA BUJORA

Wako watakaosema, "Matongo tumekwisha kuyaona. Tunataka kwenda mbali." Vizuri. Mnaweza kulala katika mahema kama watalii. Kutoka Maswa kuna barabara ya lami inayopita Bariadi mpaka Lamadi. Karibu na Lamadi, kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, liko lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndani ya hifadhi, pale Seronera, kuna mahali pa kupiga kambi. Hakuna ua. Usiku utasikia fisi na simba, nawe uko ndani ya kitambaa tu. Usitoke hemani ovyo.

Ada ya Mtanzania ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa kutoka nje, nayo hulipwa kwa shilingi. Chukueni vitambulisho vya taifa. Kodisheni gari moja mchange, maana huko ndani hakuna kutembea kwa miguu. Ulizeni bei zote kabla ya kuondoka. Lakini msidanganyike mkaenda kupiga kambi katika Pori la Akiba la Maswa bila kibali. Huko mtakamatwa, na mkiwa na mkuki au panga mtahesabiwa majangili.

Mimi mwenyewe kama ningechagua, ningewapeleka kwanza Bujora. Ni karibu na Kisesa, kilometa 20 hivi kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Padre David Clement, aliyetoka Kanada, pamoja na Wasukuma waliopenda mila zao, walianza kukusanya vitu vya zamani hapo miaka ya 1950. Leo ni makumbusho ya Wasukuma. Mtaona ngoma za watemi, nyumba ya mganga, mahali pa mhunzi, na vyombo ambavyo bibi zetu walivitumia. Kile kipande cha chungu mlichokiokota itongoni, huko mtakiona kikiwa kizima.

Nendeni mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, ambazo hufuata sikukuu ya Ekaristi. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, huyu upande huu na huyu upande ule. Watazamaji hukimbilia kwa anayependeza zaidi. Anayewavuta wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila mchezaji hutafuta jambo la kushangaza. Yuko anayeleta fisi, yuko anayecheza na chatu mzima. Mkiwa rafiki watano, wawili wa Bagika na watatu wa Bagalu, mtarudi nyumbani mkigombana njia nzima. Hiyo nayo ni raha.

FEDHA ZISIVUNJE URAFIKI

Ugomvi wa ngoma ni mzuri. Ugomvi wa fedha ni mbaya, nao umevunja safari nyingi. Kabla ya kuondoka, andikeni katika daftari lile lile: kila mmoja ametoa kiasi gani, na nani anashika mfuko. Mshika fedha asiwe yule anayependa pombe. Kila jioni someni hesabu kwa sauti: nauli kiasi hiki, unga kiasi hiki, kilichobaki kiasi hiki. Asiye na fedha aruhusiwe kutoa kuku, unga au kazi ya mikono, kama kambi za zamani zilivyofanya. Na akiugua mmoja njiani, wote warudi, au wawili wabaki naye. Kubalianeni juu ya jambo hili mapema. Likishatokea, ni vigumu kukubaliana.

KABLA YA KUAGANA NA MZEE

Usiku wa mwisho, kabla hamjaondoka kwa mzee aliyewasimulia, kaeni naye tena penye moto. Fungua daftari. Msomee majina yote uliyoyaandika, moja moja, polepole. Huenda yeye hajui kusoma, na hii ni mara yake ya kwanza kusikia majina ya baba zake yakisomwa kutoka katika karatasi. Mpe nafasi. Akikuambia, "Hapana, huyo hakuwa mtoto wa kwanza, alikuwa mdogo wake," usibishane. Piga mstari juu ya jina, uandike upya, kisha umsomee tena.